Abushiri bin Salim: alikamatwa huku kwetu, akanyongwa Pangani

Shuleni wengi wetu tulimpitia Abushiri kwa mistari miwili tu. Aliongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, akanyongwa Pangani. Mwalimu akageuza ukurasa, tukaingia kwa Mkwawa. Leo tunarudi kwenye huo mstari wa pili, wa kunyongwa. Mtu huyu hakukamatwa pwani, alikamatwa huku ndani, upande wa Uzigua na Nguu. Tena, maswali mengi ambayo wasikilizaji wa Handeni na Korogwe hutuuliza tukiwa hewani kuhusu polisi, mahakama na haki ya mtuhumiwa, unaweza kuyaona yote katika namna mtu huyu mmoja alivyofikishwa kwenye kamba.

Jina lake kamili ni Abushiri bin Salim al-Harthi. Baba yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi, mama Muoromo. Ukoo wa Harthi na ukoo wa Busaidi uliokuwa ukitawala Zanzibar hawakuwa wakiiva chungu kimoja, na Abushiri alikua na chuki hiyo. Katika ujana wake alifuata misafara ya biashara bara, kisha akatulia Pangani akiwa na shamba la miwa kando ya mto, huu huu mto wetu unaopita Korogwe na ambao wengi tunauita Ruvu. Shamba lile lililimwa na watumwa. Hilo tunalisema mapema, maana kuna masimulizi yanayompamba Abushiri mpaka anakuwa malaika. Hakuwa malaika. Alikuwa tajiri wa zama zake, na utajiri wa zama zile ulikaa juu ya migongo ya watu.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliweka saini mkataba na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa kuendesha utawala wa pwani na kukusanya ushuru kwa miaka 50, kwa jina la Sultani. Mwezi Agosti mwaka huo mawakala wa kampuni wakaanza kazi. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, kijana mkali asiyesikiliza mtu. Akapandisha bendera ya kampuni kwa nguvu, akamdharau liwali wa Sultani, akaleta askari wa majini kutoka melini. Siku zilikuwa za Idi, na askari wakaingia msikitini na mbwa. Mtu wa Pangani hukuhitaji kumweleza mara mbili maana ya jambo hilo. (Zelewski ndiye yule yule aliyekuja kuuawa na Wahehe kule Lugalo, Agosti 1891.)

Septemba mji ukalipuka. Zelewski na wenzake wakazuiwa ndani ya nyumba, mpaka alipokuja kuwatoa Jenerali Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wa Sultani. Katika vurugu hizo Abushiri akatokea kuwa kiongozi. Miezi ile ile wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, walikuwa wakirudi pwani kutoka Usambara. Abushiri akawakamata, akawafunga minyororo, akawaachia baada ya kulipwa fidia kubwa ya rupia. Meyer huyu ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata.

Mwisho wa 1888 Abushiri alikuwa Bagamoyo na maelfu ya watu, ameuzingira mji. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini kule Pugu ikachomwa moto. Wamisionari watatu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, baadaye wakakombolewa kwa fedha.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo sheria ya jinai inapoanzia. Ukimfikisha Abushiri mbele ya hakimu wa leo kwa vifo vya Pugu, hakimu hataanza kwa kuuliza kama ni mtu mbaya. Atauliza mambo mawili. La kwanza ni kitendo: nani alifanya, wapi, kwa mkono wa nani? La pili ni nia: mshtakiwa alikusudia, aliamuru, au alijua kwamba watu watakufa? Bila kitendo na nia kuthibitishwa, hakuna kosa la mauaji ya kukusudia. Kwa nini mtu aliyemchoma mwenziwe kisu kwa kuvizia anahukumiwa tofauti na aliyemsukuma katika ugomvi wa pombe, akaanguka vibaya akafa? Kifo ni kimoja. Kinachowatenganisha ni nia. Wa kwanza, akitiwa hatiani, sheria yetu inampa hakimu adhabu moja tu, kifo. Wa pili anahesabiwa kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kuanzia chini kabisa hadi kifungo cha maisha.

Je, kiongozi anawajibika kwa yaliyofanywa na watu wake? Kanuni ya Adhabu inasema ndiyo, kama aliamuru, alisaidia, au walikuwa na dhamira moja. Lakini hilo lazima lithibitishwe kwa ushahidi, na anayethibitisha ni upande wa mashtaka, pasipo kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hana hatia. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Hivyo hata kwa damu ya Pugu, ambayo ni damu ya kweli ya watu wasiokuwa na silaha, mahakama ingetaka mashahidi.

Turudi kwenye vita. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la mamluki, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 wakaivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Julai wakaitwaa Pangani na Tanga. Abushiri akakimbilia bara hadi Mpwapwa, akaishambulia ngome ya Wajerumani na mmoja wao akauawa. Akarudi na wapiganaji wa Wambunga, akashindwa tena vibaya Oktoba pale Yombo. Baada ya hapo alikuwa mtu anayewindwa. Kichwa chake kiliwekewa zawadi ya fedha. Alikuwa akijaribu kupita kaskazini, wafuasi wamepungua, nguvu zimekwisha.

Desemba akafika Kwa Mkoro, katika nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Handeni na Kilindi. Jumbe wa pale, Magaya, akamkamata na kumkabidhi kwa Wajerumani. Masimulizi mengi humwita Magaya msaliti. Sisi tungesita. Jumbe aliyeona vijiji vikichomwa kwa kumhifadhi mtoro alikuwa na hesabu zake, na hatukuwa katika viatu vyake. Ila jambo moja ni la kutazama: hakumpiga hadi kufa. Alimfunga akamtoa.

Sheria ya leo inaruhusu mwananchi wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake. Inamtaka amfikishe polisi bila kuchelewa. Haimpi ruhusa ya kumpiga, kumchoma wala kumhukumu. Mwizi wa mbuzi akikamatwa usiku kitongojini, watu kumi wakampiga akafa, sheria haiulizi fimbo ya nani ndiyo iliyoua. Kama walikuwa na dhamira moja, wote kumi wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata yule aliyeshika tochi tu ili wenzake waone. Hili tunalisema kila mara kwenye kipindi, na bado tunapigiwa simu na ndugu wanaosema kijana wao hakupiga, alikuwa amesimama tu.

Abushiri akapelekwa Pangani, mji wake. Tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa. Kutoka kukamatwa hadi kamba zilipita siku chache tu.

Nani alimhukumu? Mamlaka ilikuwa ya Wissmann, kamanda yule yule aliyekuwa akipigana naye tangu Mei. Mshindani ndiye aliyekuwa mlalamikaji, na ndiye aliyekuwa hakimu. Na kwa sheria ipi? Serikali ya Ujerumani ilishika rasmi utawala wa nchi hii Januari 1891, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Abushiri kuzikwa. Mwaka 1889 pwani ilikuwa bado ya Sultani kwa maandishi, kampuni ikiwa mpangaji tu. Kosa lililosemwa ni uasi. Lakini mtu huasi dola ambayo anawiwa utii nayo. Abushiri hakuwahi kula kiapo kwa Mjerumani, na hata huyo Sultani aliyetia saini hakumtambua sana. Hata leo shtaka la uhaini kwa sheria yetu humhusu mtu anayewajibika kwa utii kwa Jamhuri ya Muungano. Mgeni aliyekuja kupigana nasi angeshughulikiwa kwa sheria nyingine.

Hapa ndipo kanuni moja inayoonekana kavu kwenye vitabu inapopata nyama: hakuna kosa bila sheria iliyokuwapo siku kitendo kilipofanyika. Ibara ile ile ya 13(6) inakataza kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo wakati analitenda halikuwa kosa. Mtendaji hawezi kutangaza Jumatatu kwamba kupitisha ng'ombe njia fulani ni marufuku, kisha akamtoza faini aliyepita Jumamosi.

Sasa mtazame Bwana Heri wa Saadani, ambaye Wazigua wengi walimfuata. Alipigana vita ile ile, dhidi ya watu wale wale. Aprili 1890 alijisalimisha, na Wissmann akamsamehe. Mmoja kamba, mwingine msamaha, na miezi minne tu kati yao. Wissmann alikuwa na sababu zake za kisiasa, na kwa mwanajeshi huenda zilikuwa za busara. Lakini mahakama haiendeshwi hivyo. Watu wawili wenye kosa moja wanatakiwa wapimwe kwa mizani moja, na tofauti ya adhabu itolewe sababu zinazoweza kupingwa kwenye rufaa. Bwana Heri alinyanyuka tena 1894, akashindwa, akakimbilia Zanzibar.

Adhabu ya kifo bado ipo kwenye sheria yetu kwa mauaji ya kukusudia, na bado ni kwa kunyongwa. Njia ya kuifikia ndiyo iliyobadilika. Kesi hupita kwanza mahakama ya chini kwa hatua za awali, kisha Mahakama Kuu. Mshtakiwa asiye na fedha hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Akitiwa hatiani ana haki ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani. Rufaa ikishindwa, faili humfikia Rais, na bila saini yake hanyongwi mtu. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania.

Kwa makosa ya kila siku, ndugu yako akikamatwa Handeni mjini au Korogwe, anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo kama kuna sababu ya msingi. Ana haki ya kuambiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa. Nenda kituoni, uliza ameshikiliwa kwa kosa gani, lini atapelekwa mahakamani, na kama kosa lina dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Andika jina la ofisa uliyeongea naye, na saa.