Muyaka bin Haji, Malenga wa Mvita

Huku Nuu bahari tunaiona kwenye ramani tu. Ndiyo maana wenzangu wa Kidato cha Tatu walicheka niliposema nitaandika juu ya mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1840. Wao walitaka habari za mpira. Haya, mpira umo, ngojeni kidogo.

Muyaka alizaliwa karibu mwaka wa 1776 huko Mombasa, mji ambao wenyewe huuita Mvita. Mji ulikuwa chini ya Wamazrui, ukoo uliotoka Omani lakini ukakataa katakata kuwatii watawala wa Omani wa ukoo wa Busaidi. Kwa hivyo maisha ya jamaa huyu yalijaa vita na fitina za vita. Katika karne hiyo hiyo ya 19, Wakamba walikuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, basi Mombasa haikuwa jina geni kwetu, ati.

Kabla yake, tungo nyingi za Kiswahili zilizohifadhiwa zilikuwa tenzi ndefu za dini. Wataalamu husema Muyaka ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Alitunga juu ya mapenzi, ndoa, urafiki, siasa za mji na mambo mengine ambayo watu huyazungumza wakiwa wamekaa barazani. Alipenda pia mafumbo. Umbo lake ni lile lile linalotutoa jasho darasani: mishororo minne, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Wakati sisi tunahesabu mizani kwa vidole, yeye inaonekana zilimtoka tu kama maneno ya kawaida.

Sasa mpira. Mnajua vile inakuwa timu yetu ikikutana na ya jirani: kabla firimbi haijalia, mashabiki wameshaanza kurushiana nyimbo za kejeli, na upande mmoja ukiimba mwingine hauwezi kunyamaza. Mombasa na Lamu walikuwa hivyo, ila kwa mashairi. Muyaka alisimama upande wa Mombasa, na upande wa Lamu kulikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi pia. Huyu akitupa shairi lenye fumbo, yule analifumbua na kumrudishia lake. Hayo ndiyo malumbano, na kwa maoni yangu hayana tofauti na mchezo wowote wenye ushindani.

Lakini huu haukuishia kwenye kelele. Karibu mwaka wa 1812 Mombasa, wakisaidiana na watu wa Pate, walivuka kwenda kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya pale Shela. Watu wengi walikufa. Lamu nao, kwa kuogopa kisasi, wakamwomba msaada Seyyid Said wa Omani, na huo ukawa mwanzo wa mwisho wa Wamazrui. Muyaka hakunyamaza. Aliendelea kuwatia moyo watu wa Mvita na kuwakejeli adui. Mimi namsifu kwa ufundi, lakini nikifikiria maiti za Shela naona kwamba shabiki wa aina hii ni wa kuogopwa kidogo.

Baada ya mashambulizi kadhaa, Seyyid Said aliitwaa Mombasa mwaka wa 1837. Muyaka aliishi miaka mitatu tu baada ya hapo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni jinsi mashairi yake yalivyotufikia. Mengi yalibaki vichwani mwa watu! Miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mshairi wa Mombasa, alimsaidia mmisheni W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaeleza. Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Hebu fikiria wangechelewa miaka kumi tu. William Hichens aliyachapisha kule Johannesburg mwaka wa 1940, miaka mia moja baada ya mwenyewe kufa, na mwaka wa 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kingine pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukikipata usiogope Kimvita chake: mato ni macho, ndia ni njia, na polepole unazoea.

Susu wangu anajua nyimbo za myali, zile za kuwasuta watu wenye tabia mbaya kijijini. Kuna moja ya mwanamume mvivu ambayo ikiimbwa hata watoto wanajua ni nani anayesemwa. Hajui kuandika, na shangazi zangu wote wanakumbuka kiitikio tu. Nimeshaandika mbili. Mwanachama mwenye susu au umau anayezijua azinakili kwa Kikamba hivyo hivyo anavyozisikia, alete chamani, tafsiri tutaifanya pamoja.