Gary Kildall na butura ya kompyuta

Mkulima wa Ijumbi anaijua butura: kahawa inauzwa ingali maua, kwa bei ya shida. Kwenye kompyuta nako ilitokea.

Gary Kildall, mzaliwa wa Seattle, Marekani, mwaka 1942, alitunga CP/M mwaka 1974. Hiyo ni programu endeshi, ile inayoongoza kompyuta nzima. Aliiuza yeye na mkewe Dorothy kupitia kampuni yao, Digital Research.

Mwaka 1980 IBM waliwafuata, hawakuafikiana. Kazi ikaenda Microsoft, ambayo mwaka 1981 ilinunua haki zote za programu iliyoigiza CP/M kutoka kampuni ndogo ya Seattle, kwa dola 50,000. Muuzaji hakuambiwa kuwa nyuma ya mnunuzi yupo IBM. Butura yenyewe! Dukani, ya Microsoft ilikuwa dola 40, ya Kildall 240. Nani angehangaika?

Mwaka 1991 Novell ilinunua Digital Research kwa takriban dola milioni 80, ipambane na Microsoft. Kildall alifariki Julai 1994, na mwaka huohuo Novell ikaacha kuiendeleza programu hiyo. Caldera, walioinunua mwaka 1996, waliishtaki Microsoft, wakalipwa mwaka 2000.