Leonid Kulik

Leonid Alekseyevich Kulik (1883 - Aprili 1942) alikuwa mtaalamu wa madini na vimondo kutoka Urusi. Anajulikana hasa kama mwanasayansi wa kwanza kufika mahali pa mlipuko wa Tunguska huko Siberia.

Maisha

Alizaliwa mjini Tartu, ambao leo uko Estonia lakini wakati ule ulikuwa chini ya Milki ya Urusi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi katika makumbusho ya madini mjini Petrograd (leo Saint Petersburg), akikusanya vimondo.

Utafiti wa Tunguska

Asubuhi ya 30 Juni 1908 gimba kutoka anga-nje lililipuka juu ya msitu karibu na mto Podkamennaya Tunguska. Kulik alisafiri Siberia mwaka 1921 bila kufika huko. Alifika mwaka 1927, akiongozwa na wenyeji Waevenki. Alikuta miti imelala chini, vilele vikielekea mbali na kitovu cha mlipuko. Pale katikati miti mingine ilibaki wima bila matawi. Eneo lililoharibiwa lilikuwa takriban kilomita za mraba 2,150.

Kulik aliamini kwamba kimondo cha chuma kilizama pale, na kwamba mashimo ya mviringo yenye maji yalikuwa kasoko zake. Katika safari ya 1929-1930 walichimba mtaro wakakausha shimo moja. Chini yake kulikuwa na kisiki cha mti, ishara kwamba halikuchimbwa na kimondo. Aliendelea kutafuta, na mwaka 1938 eneo hilo lilipigwa picha kutoka ndege, lakini kimondo hakikupatikana.

Leo wataalamu wengi hukubali kwamba gimba lenye upana wa mita 50 hivi lilipasuka hewani, kilomita kadhaa juu ya ardhi. Ndiyo sababu hakuna kasoko. Vimondo vidogo huingia angahewa kila siku na kuungua, lakini gimba la ukubwa huo hukadiriwa kuja mara moja tu katika karne kadhaa au hata miaka 1,000.

Kifo na kumbukumbu

Mwaka 1941 alijitolea kupigana dhidi ya Wajerumani, akajeruhiwa na kutekwa. Alifariki kifungoni kwa homa ya tifusi, inayoenezwa na chawa. Kasoko moja ya Mwezi na asteroidi 2794 Kulik zimepewa jina lake. Tarehe 30 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Asteroidi.