Cormack: Mwanafizikia wa Afrika aliyewawezesha madaktari kuuona ubongo

MGONJWA wa Kitengela au Kajiado aliyewahi kutibiwa uvimbe wa ubongo kwa mionzi hukabiliwa na fumbo zito kichwa kinapoanza kumuuma tena miezi au hata miaka baadaye.

Huenda uvimbe umerejea. Huenda pia ni mionzi yenyewe iliyoua sehemu ya ubongo isiyokuwa na ugonjwa. Kukosea hapo ni hatari, kwani anayedhaniwa kurudiwa na uvimbe anaweza kuongezewa mionzi ile ile iliyomdhuru.

Hivyo hulazimika kushika barabara ya Namanga hadi Nairobi, ambako kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini iliyotoa tiba hiyo, ili kichwa kipigwe picha. Wachache hujua kwamba mmoja wa walioweka msingi wa picha hizo ni mzaliwa wa Afrika aliyetatizwa na tiba ya mionzi yenyewe.

Allan MacLeod Cormack alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, Februari 23, 1924. Baba yake alipofariki mwaka wa 1936, familia ilihamia Cape Town. Katika chuo kikuu cha mji huo alianza na uhandisi wa umeme, akauacha na kufuata fizikia. Alikwenda Cambridge, Uingereza, akarejea 1950 kuwa mhadhiri, akiwa na mke Mmarekani lakini bila shahada ya uzamifu.

Mnamo 1955, mwanafizikia wa hospitali ya Groote Schuur alijiuzulu. Sheria ilidai kwamba matumizi ya madini ya mionzi yasimamiwe na mtaalamu, na Cormack akaombwa kuijaza nafasi hiyo kwa siku moja na nusu kila juma.

Huko ndiko alikokumbana na jambo lililomkera. Vipimo vya mionzi vilikadiriwa kana kwamba mwili mzima ni kitu kimoja, ilhali mfupa hunyonya mionzi mingi kuliko nyama, na mapafu hunyonya kidogo mno. Ni nani basi angejua ni kiasi gani kilichoufikia uvimbe, na ni kiasi gani kilichoishia pasipostahili?

Cormack aliwaza kwamba mionzi ikipitishwa mwilini kutoka pembe nyingi na kupimwa inapotokea upande wa pili, hesabu zingeweza kuchora ramani ya yaliyomo ndani. Alizitunga hesabu hizo mwenyewe. Miaka mingi baadaye aligundua kwamba Johann Radon wa Austria alikuwa amezitatua tangu 1917.

Mnamo 1957 alijaribu kwa kipande cha aluminiamu kilichozungushiwa mbao. Matokeo yalionyesha kasoro ndogo katikati. Alipouliza, akafahamishwa kwamba fundi alikuwa ametia hapo kigingi cha aluminiamu ya aina nyingine. Hesabu zilikuwa zimeona kisichoonekana kwa macho!

Alihamia Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tufts, akachapisha makala mbili, 1963 na 1964. Madaktari hawakujali. Miongoni mwa wachache walioulizia ni kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, asiyejua lolote kuhusu makala hizo, ndiye aliyeunda mtambo wenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo jijini London, Oktoba 1, 1971. Wawili hao walituzwa Nobeli ya tiba mwaka wa 1979, wote wakiwa hawana uzamifu.

Ni kweli kwamba skani hiyo pekee mara nyingi haitenganishi ubongo uliouawa na mionzi na uvimbe ulio hai. Mitambo ya sumaku, na ile inayoonyesha sehemu zinazotumia sukari kwa wingi, husaidia zaidi, ingawa wakati mwingine sharti daktari wa upasuaji akate kipande kichunguzwe.

Cormack alifariki Massachusetts, Mei 7, 1998, akiwa na umri wa miaka 74. Kilichomuua ni saratani. Mnamo 2002, Afrika Kusini ilimtunukia nishani ya Mapungubwe.