Bonica: Mwanamieleka Aliyelazimisha Madaktari Wasome Maumivu

Kuna jibu moja la hospitalini linalochoma kuliko sindano: picha ziko sawa, vipimo viko sawa, enda nyumbani upumzike. Na mgongo bado unawaka moto. John Bonica hangekubali jibu hilo, na huyo si mtu ungetaka kubishana naye. Jamaa alikuwa bingwa wa mieleka.

Alizaliwa 1917 kwenye kisiwa kidogo cha Filicudi, Italia, familia ikahamia New York akiwa bado mtoto. Babake akafariki 1932, mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Akang'arisha viatu, akauza magazeti, hasla za kawaida. Kumbe pesa zilikuwa ulingoni. Karo yake, hadi akamaliza udaktari katika Chuo Kikuu cha Marquette 1942, ilitokana na kuangusha watu. Hata akiwa daktari wa jeshi aliendelea kupigana, uso kaufunika kwa barakoa ili wakubwa wasimtambue.

Mwaka wa 1944, akiwa na miaka 27 tu, alipewa kitengo cha nusukaputi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington. Majeruhi wa vita walifurika. Kuna waliokatwa mguu na bado walilia kwamba mguu huohuo unauma. Wengine kidonda kilipona kitambo lakini hawalali. Bonica akafungua vitabu vikubwa vya udaktari, na kurasa za maumivu zilikuwa za kuhesabu. Manake walichofunzwa ni hivi: tibu ugonjwa, maumivu yatajiendea. Sasa haya yalikataa kwenda.

Akauliza mabingwa wa mishipa ya fahamu, wa mifupa, wa akili. Kila mmoja alijua kipande chake tu. Basi akawa anawakutanisha wakati wa chakula cha mchana, mgonjwa mmoja ajadiliwe na wote. Inaonekana jambo dogo, lakini kwangu hapo ndipo kazi yake yote ilipoanzia. Baada ya vita alipeleka mtindo huo hospitali ya Tacoma General, na kutoka 1960 katika Chuo Kikuu cha Washington, ambako vijana waliosomea kazi hiyo waliona daktari, mwanasaikolojia na mtaalamu wa viungo wakimshughulikia mtu mmoja pamoja.

Kitabu chake cha 1953 kilikuwa na kurasa zaidi ya 1,500. Kutoka kurasa za kuhesabu hadi hapo, si mchezo. Mwaka wa 1973 akaita watafiti na madaktari kutoka nchi mbalimbali huko Issaquah, na hapo ikazaliwa IASP, jumuiya ya kimataifa ya wanaochunguza maumivu. Mpaka leo IASP hutoa mitaala ya kufunza somo hili, si kwa wanafunzi wa udaktari pekee, bali pia uuguzi, famasia, tiba ya viungo, saikolojia na ustawi wa jamii.

Ulingo nao ulidai deni lake. Nyonga, mgongo na mabega yalimharibikia, akapasuliwa mara nyingi, na miaka mingi alifundisha kuhusu maumivu sugu huku mwenyewe akiyabeba. Wanafunzi walikuwa wanamsikiliza mgonjwa.

Mkewe Emma alifariki Julai 1994. Bonica akamfuata mwezi uliofuata, akiwa na miaka 77.