Charles Chaplin, Maskini Aliyechekesha Dunia

Jioni moja ya Jumamosi tulikusanyika katika ukumbi wa shule kutazama senema ya zamani. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani, taa zikazimwa, na mara tukamwona mtu mdogo mwenye masharubu mafupi, kofia nyeusi ya duara, koti la kubana, suruali pana kupita kiasi, viatu vikubwa mno na kifimbo cha henzirani mkononi. Alikuwa na njaa. Alichukua kiatu chake, akakichemsha, akakiweka kwenye sahani, akakaa kukila kwa adabu kama bwana mkubwa mezani kwake. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Lakini mwenzetu mmoja alitoka nje amenuna, akasema kwamba si vizuri kumcheka mtu mwenye njaa, kwa kuwa kwao njaa si mchezo.

Neno lile lilinikaa moyoni. Mimi si mjuzi wa mambo ya senema. Huenda kutazama kama waendavyo watu wengine. Nikifurahi nacheka, nikichoka nasinzia. Lakini nilitaka kujua mtu yule alikuwa nani, na kama alikuwa na haki ya kutuchekesha kwa njaa. Basi haya ndiyo maisha yake, nami nitachanganya na maoni yangu kidogo juu ya picha zake.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa London, Uingereza, tarehe 16 Aprili, 1889. Baba yake, ambaye naye aliitwa Charles, alikuwa mwimbaji katika majumba ya michezo, na mama yake, Hannah, alikuwa mwimbaji vilevile. Mtu angedhani kwamba nyumba yenye waimbaji wawili itajaa furaha. Haikuwa hivyo. Baba alikuwa mlevi, akatengana na mkewe mtoto angali mdogo sana. Mama akabaki na wanawe wawili, Sydney aliyekuwa mkubwa, na Charles. Kisha sauti yake ikaharibika, asiweze tena kuimba mbele ya watu, akawa anashona nguo ili apate senti za chakula.

Mwaka 1896, Charles alipokuwa na umri wa miaka 7, mambo yalishindikana kabisa. Mama na watoto wakaingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Siku zile Uingereza mtu asiye na kitu alipokewa katika nyumba ya namna hiyo. Alipewa chakula na mahali pa kulala, lakini alitumikishwa, na mama alitengwa na watoto wake. Charles na kaka yake wakapelekwa kwenye shule ya watoto maskini huko Hanwell. Mwaka 1898 mama yao akashikwa na ugonjwa wa akili, akatiwa hospitali. Akapata nafuu, kisha akaugua tena. Baba naye akafa mwaka 1901, kabla ya kutimiza miaka 40, kwa sababu ya pombe.

Hata hivyo mama yule aliwaachia wanawe urithi mmoja. Siku alizokuwa mzima alikuwa akikaa dirishani, akiwatazama wapita njia, na kuwaiga mmoja mmoja: huyu atembeavyo, yule akunjavyo uso, na jinsi alivyoamka asubuhi akiwa na hasira. Charles alikaa kando yake akitazama. Baadaye alisema kwamba kwa mama yake ndiko alikojifunza kuwatazama binadamu. Wanafunzi wenzangu, ile ilikuwa shule bora kuliko ile ya Hanwell, nayo haikuwa na ada.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alijiunga na kikundi cha watoto waliocheza dansi kwa viatu vya mti. Mwaka 1903 akapewa sehemu ya kijana mtumishi katika mchezo wa Sherlock Holmes. Jambo lililomtia hofu ni kwamba alikuwa hawezi kusoma vizuri, akaogopa wasije wakamwambia asome palepale. Sydney akawa anamsomea nyumbani maneno yake mpaka akayashika yote kichwani. Mwaka 1908 akaingia katika kampuni ya michezo ya kuchekesha ya Fred Karno, na kwa kampuni hiyo alikwenda Marekani mara mbili, mwaka 1910 na mwaka 1912.

Huko Marekani watu wa senema wakamwona. Mwaka 1913 akafanya mkataba na kampuni ya Keystone kwa mshahara wa dola 150 kwa juma, fedha ambazo hajapata kuziona maishani. Picha yake ya kwanza ilitoka mwezi wa Februari, 1914. Mwaka huohuo akavaa zile nguo tulizoziona: kila kitu hakipatani na mwenzake, suruali pana na koti dogo, viatu vikubwa na kofia ndogo. Akawa mtu asiye na kwao, asiye na kazi, asiye na senti, lakini anavua kofia yake kwa heshima mbele ya kila mtu. Maskini yule alipendwa upesi mno. Ilipofika mwaka 1916 Chaplin alikuwa akilipwa dola 670,000 kwa mwaka, naye hajatimiza bado miaka 27. Mwaka 1919 yeye na wenzake watatu, yaani Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, wakaanzisha kampuni yao wenyewe, United Artists, ili wasitawaliwe na wenye mali.

Sasa nije kwenye picha zenyewe. The Kid, ya mwaka 1921, yahusu maskini aliyeokota mtoto mchanga njiani akamlea katika chumba kibovu. Siku moja wakuu wa mji wakaja kumchukua mtoto wampeleke kwenye nyumba ya mayatima. Mtoto analia akinyosha mikono, na yule maskini anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kulifuata gari. Ukikumbuka Lambeth na Hanwell, utajua kwamba Chaplin hapo hakuwa akibuni tu. Mimi nilipoitazama sikucheka, nilimeza mate.

The Gold Rush, ya mwaka 1925, ndiyo ile tuliyoitazama ukumbini, habari za watu waliokwenda kutafuta dhahabu kwenye nchi ya theluji. Kiatu kile kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, wala si ngozi. Lakini tazameni vizuri jinsi alavyo: anazungusha kamba za kiatu kama tambi, ananyonya misumari kana kwamba ni mifupa ya kuku. Hasahau adabu hata njaa inapomwua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha yake bora ya kuchekesha.

Mwaka 1927 senema zilianza kusema. Watu wote wakakimbilia sauti, na wachekeshaji wengi wa zamani wakaanguka. Chaplin akakataa. Alifikiri kwamba yule maskini akisema Kiingereza, basi atakuwa Mwingereza au Mmarekani tu, na watu wa nchi nyingine watampoteza. Sisi katika shule hii, tuliotoka makabila mbalimbali kila mmoja na lugha yake, twaweza kulielewa jambo hilo kuliko wengine. Jioni ile hapakuwa na mkalimani, wala hakuna aliyemhitaji.

Basi mwaka 1931, wakati wenzake wote walikuwa wakisema, alitoa City Lights bila maneno. Maskini ampenda msichana kipofu auzaye maua. Amtafutia fedha za kutibiwa macho, kisha afungwa gerezani kwa ajili ya fedha hizo. Atokapo, msichana aona, lakini hamjui. Amemdhania mfadhili wake kuwa tajiri. Amtambua kwa kumshika mkono. Sitawaeleza zaidi. Chaplin alikuwa mgumu sana kazini. Aliirudia sehemu ya kukutana kwao mara ya kwanza zaidi ya mara 300 mpaka akaridhika. Nasi twalalamika mwalimu akituambia turudie insha mara mbili!

Modern Times ilifuata mwaka 1936. Hapo maskini ni mfanyakazi wa kiwandani, kazi yake kukaza skrubu mchana kutwa mbele ya mtambo usiosimama, mpaka akili inamruka. Katika picha hiyo sauti yake ilisikika kwa mara ya kwanza, katika wimbo. Lakini maneno ya wimbo huo aliyazua mwenyewe, si lugha ya mtu yeyote. Yeyote kati ya wazee wetu mliopita shuleni hapa ambaye amefanya kazi ya kiwanda, aitazame, kisha atuambie kama imesema uongo.

Picha yake ya kwanza ya kusema kwelikweli ilikuwa The Great Dictator, ya mwaka 1940. Hitler alizaliwa siku nne tu baada ya Chaplin, naye alikuwa na masharubu kama yale. Chaplin akamcheka waziwazi, akicheza mtawala mkatili na pia kinyozi Myahudi anayefanana naye, wakati ambapo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini nitasema ukweli wangu: ile hotuba ya mwisho, ingawa ni ya haki na upendo, ni ndefu, na mchekeshaji anageuka mhubiri. Nilitamani avue kofia tu, aondoke.

Msidhani nataka kumfanya mtakatifu. Alioa mara nne, na wake zake wawili wa kwanza walikuwa wasichana wa miaka 16 tu alipowaoa, jambo ambalo haliwezi kusifiwa, na ndoa hizo zilivunjika vibaya. Ndoa yake na Oona O'Neill, ya mwaka 1943, ndiyo iliyodumu mpaka kufa kwake, nao wakapata watoto 8. Lakini mama yake hakumsahau. Mwaka 1921 alimleta California, akamtunza mpaka alipofariki mwaka 1928.

Baada ya vita, watu wengi huko Marekani walianza kumtilia shaka. Walimshutumu kwamba anapenda ukomunisti, na kwamba ameishi kwao miaka mingi bila kuwa raia. Mwezi wa Septemba, 1952, alipanda meli pamoja na mke na watoto kwenda London kuonyesha picha yake mpya, Limelight. Wakiwa baharini, habari ikafika kwamba ruhusa yake ya kurudi Marekani imefutwa. Mtu aliyejenga senema ya nchi ile kwa miaka karibu 40 akafungiwa mlango hali yumo safarini. Akahamia Uswisi, akakaa karibu na mji wa Vevey. Alitoa picha mbili tu baada ya hapo, na ya mwisho, ya mwaka 1967, ilinifanya nisinzie.

Mwaka 1972, baada ya miaka 20, Wamarekani wakamwita aje apewe tuzo ya heshima huko Hollywood. Akaja, mzee wa karibu miaka 83, na watu ukumbini wakasimama wakampigia makofi kwa dakika nyingi, naye machozi yakamlenga. Mwaka 1975 malkia wa Uingereza akampa cheo cha heshima, akawa Sir Charles, yeye aliyewahi kuwa mtoto wa nyumba ya maskini. Akafa usingizini siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba, 1977, mwenye umri wa miaka 88. Hata kaburini hakuachwa: mwezi wa Machi mwaka uliofuata wezi walifukua jeneza lake ili wadai fedha. Polisi wakalipata mwezi wa Mei, likazikwa tena.

Narudi kwa mwenzetu aliyetoka nje. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hilo ni kweli, na kama Chaplin angekuwa mtoto wa tajiri aliyevaa matambara ili kuwachekesha matajiri wenzake, mimi pia ningetoka nje. Lakini yeye aliijua njaa tangu utoto. Hamcheki maskini, anawacheka polisi, wakuu na wenye mali wanaodhani kwamba mtu akikosa viatu amekosa na utu. Tena namshukuru mwenzetu, maana bila neno lake tungalicheka tu na kwenda kulala.

Jumamosi nyingine ile senema ikiletwa tena, nitamwomba akae karibu nami. Sitamshawishi acheke. Nitamwomba atazame mikono ya yule mtu anapokaa mezani mbele ya kiatu, kisha aniambie kama amemwona mtu wa kudharauliwa.