Mukwava wa Uhehe: Kutoka Uwanja wa Vita hadi Jukwaani

Mtwa Mukwavinyika, ajulikanaye kwa kifupi kama Mukwava, alikuwa mwana wa Munyigumba, mtawala aliyeziunganisha koo za Wahehe katika eneo la Iringa. Munyigumba alipofariki mwaka 1879, Mukwava aliupata utawala baada ya mapambano ya urithi. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yaliushambulia msafara wa Wajerumani huko Lugalo, na kiongozi wao, Emil von Zelewski, akauawa. Ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894. Hata hivyo, Mukwava aliendesha vita vya msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe.

Mkoloni alikichukua kichwa chake. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Jina nalo lilikuwa na safari yake: Wajerumani waliandika Quawa, na Kiswahili kikazoea Mkwawa.

Mwaka 1969 tamthilia ya Ebrahim Hussein ilikuwa imemleta jukwaani Kinjeketile wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi alichapisha *Mukwava wa Uhehe*, tamthilia ambayo anwani yake inahifadhi umbo la Kihehe ndani ya Kiswahili. Uteuzi huo si suala la tahajia tu. Kikundi kinachoiigiza hulitamka jina la shujaa kama lilivyotamkwa na watu wake. Kwa hiyo, sanaa za maonyesho zinaendeleza upinzani pale silaha zilipokomea, yaani katika haki ya jamii kuitaja na kuisimulia historia yake yenyewe.